Ushuru wa Mwamba na Palizi ya Mtama Wangu

Kosa langu lilikuwa la kivivu, na nalitaja mapema ili msomaji asije akanidhania mtu wa maana: niliwaita wanakijiji nyumbani kwangu, asubuhi, katikati ya palizi, bila kusema nimewaitia nini.

Mtu wa kwetu Iramba hahitaji kuelezwa zaidi, tayari anacheka. Kwa wengine nitaeleza. Kwetu ukimwita mtu mmoja nyumbani, una neno naye. Ukiwaita wengi, asubuhi, wakati magugu yamefika magotini, umeita kazi. Watakuja na majembe, watapalilia shamba lako mpaka jua likaze, na wewe utakuwa umepika pombe ya mtama ya kuwashukuru. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi analijua hilo. Mimi pia nililijua. Lakini siku zile nilikuwa na karatasi ya wilaya mkononi, na mwenye karatasi ya wilaya husahau upesi mambo anayoyajua.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Tulikuwa tumeshushwa kutoka kwenye miji yetu ya zamani, kila mmoja na kilima chake, tukapangwa kwenye mistari miwili karibu na barabara ya kwenda Kinampanda. Mimi nilikuwa katibu wa kijiji. Nilichaguliwa kwa sababu mbili: nilikuwa nimefika kidato cha nne, na siku ya uchaguzi sikwenda mkutanoni. Asiyekuwepo hana mdomo wa kukataa. Nilikuwa nyumbani, ninatengeneza kitanda cha kamba, nikasikia vigelegele huko mbali, nikamwambia mke wangu kuna mtu kapata bahati mbaya. Jioni wakaja kunipongeza.

Nyumbani ndiko ninakokuweza. Wenzangu niliosoma nao walikwenda Singida mjini, Dodoma, wengine hata Dar es Salaam, wakawa makarani na mabwana shamba. Mimi miaka ya bweni ilinitosha. Usiku nilikuwa nikilala nikitafuta harufu ya zizi letu, nisiipate, nikaona dunia ina upungufu. Mke wangu alizoea kusema, "Wewe ungeoa hata mlango, mradi uwe wa nyumba hii."

Basi. Juu ya kijiji chetu kuna mwamba mkubwa wenye michoro. Ni michoro myekundu, ya twiga, na ya watu wembamba wenye vichwa vikubwa kama waliovaa vikapu. Nani aliichora, hakuna anayejua. Sisi tulikua tunaiegemea tukila matunda ya porini, hatukuona ajabu. Lakini baada ya Uhuru watalii walianza kuja, wachache, wazungu wawili watatu ndani ya gari lenye vumbi, wakapanda, wakatazama kimya, wakapiga picha, wakashuka wakiwa wamependeza usoni kana kwamba wametoka kanisani.

Chini ya mwamba ule, mahali penye uwanja, aliishi bibi mmoja mjane. Kabla hatujahamishwa alikuwa jirani yetu. Moshi wa jiko lake tuliuona kutoka uani kwetu, na yeye aliuona wetu, na asubuhi moshi mmoja ukichelewa, mwingine ulikuja kuuliza. Wakati wa kuhama alikataa. Mume wake alikuwa amezikwa nyuma ya zizi, na alisema yeye haachi mtu mwenye usingizi mzito peke yake porini. Mwenyekiti wetu, ambaye hakupenda kugombana na wajane, aliandika kwamba bibi amebakizwa kuwa mlinzi wa mwamba. Hakuna aliyewahi kuuagiza ulinzi huo, na mwamba wenyewe haujawahi kukimbia. Lakini wilaya ikakubali, na bibi akabaki. Watalii walipokuja aliwapa kigoda, akawapa maji kwa kata, kisha akawaonyesha njia kwa kidevu. Wao walimwachia chumvi, sabuni, siku nyingine mayai yake waliyanunua yote.

Sasa siku moja akaja afisa kutoka wilayani, amevaa suti ya Kaunda, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia nyama.

"Ndugu zangu," alituambia mimi na Mwenyekiti, "mtalii anakuja, anaangalia, anaondoka. Kijiji kinabaki na nini?"

"Vumbi," alisema Mwenyekiti.

"Ndiyo hapo! Wilaya inafikiria ushuru. Kila mtalii alipe kidogo kabla ya kupanda. Fungu moja la wilaya, fungu moja la kijiji."

"Fungu la kijiji kubwa kiasi gani?"

"Hilo bado," afisa alisema. "Kwanza tupate maoni. Hatutaki kuwaamulia wananchi. Katibu atapita nyumba kwa nyumba, awaulize, aandike, alete."

Kisha, akiwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari, akaongeza kwamba mpokea ushuru atahitaji kibanda na nyumba ya kulala, na kwamba ameona pale chini ya mwamba pana uwanja mzuri.

Mwenyekiti alinitazama. Nami nilimtazama. Uwanja mzuri chini ya mwamba ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa na nyumba, zizi, kaburi na bibi. Akiwepo mpokea ushuru wa serikali, mlinzi wa mwamba wa kazi gani? Angeshushwa mistarini kama sisi. Tulilijua hilo wote wawili, na hakuna aliyelisema. Tulikuwa tumechoka. Miaka ile ilikuwa na mikutano mingi, na kila mkutano ulizaa mdogo wake.

Gari lilipoondoka nikaifikiria ile "nyumba kwa nyumba." Nikaufikiria mstari wa kwanza, nikaufikiria wa pili, nikaufikiria mlima wa kwenda kwa bibi. Nikaifikiria miguu yangu. Nikaona ni rahisi zaidi nyumba zote zije kwenye nyumba moja, na iwe yangu. Nikawatuma mabalozi wa nyumba kumi: "Waambieni watu, Katibu anawaita kwake keshokutwa asubuhi."

Hata sikumwambia mke wangu. Nilidhani watu wakija kutoa maoni huhitaji mahali pa kukaa tu.

Asubuhi ile niliamka nikajipangia kimeza uani, karatasi, kalamu, na kiti changu nilichokiweka kivulini. Mke wangu alikuwa anafagia. Akasimama.

"Baba watoto, wale ni kina nani?"

Walikuwa wanakuja kwa mstari kwenye njia, wanaume kwa wanawake, majembe begani. Mbele kabisa Mwenyekiti, na yeye ana jembe.

"Wanakuja kutoa maoni," nilisema.

"Maoni kwa majembe?"

"Niliwaita tu..."

"Umewaita watu nyumbani mwezi wa palizi! Ulitaka waje na nini, vijiko?" Alitupa ufagio. "Na pombe iko wapi? Umepika wewe?"

Nilikimbilia kwa Mwenyekiti nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba hii si kazi, ni mkutano, ni lile jambo la ushuru. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliangalia shamba langu, ambalo, niseme ukweli, lilikuwa limefika mahali pa kuhurumiwa. Mtama ulionekana kwa kuutafuta.

"Katibu," alisema, "hawa watu wamebeba majembe tangu mstari wa pili. Ukiwarudisha nayo hayana udongo, hawatakuja tena kwako hata kwa msiba. Tupalilie. Maoni yatatoka hukohuko."

Ndipo nilipomwona bibi. Alikuwa wa mwisho, anashuka polepole, jembe lake dogo lililolika mpaka limebaki kama kijiko. Balozi wake alikuwa amempelekea habari mpaka mlimani. Nilikwenda kumpokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia umeita." Akaniangalia mikononi. "Jembe lako liko wapi?"

Basi nikalima. Naliandika hili kwa sababu wapo watu mstarini kwetu wanaokataa kwamba liliwahi kutokea. Kila mtu alishika tuta lake, tukainama, nami nikawekwa katikati, kalamu imechomekwa sikioni, karatasi kifuani ndani ya shati, ikilowa jasho. Nilijaribu kuuliza maswali kama yalivyoandikwa. "Je, wananchi wanaonaje kuhusu..." Pumzi ikakatika.

"Lima kwanza, utauliza ukifika kwenye ule mchongoma," alisema mama mmoja pembeni yangu. "Tutakusubiri."

"Hatutakusubiri," alisema mwingine.

Ni kweli maoni yalitoka hukohuko. Sijawahi kuhudhuria mkutano uliosema ukweli kama ule. Kwenye mikutano ya kawaida mtu alisimama, akasafisha koo, akakishukuru Chama, akakaa. Hapa mtu alikuwa ameinama, huoni uso wake, unasikia sauti tu ikitoka katikati ya mtama.

"Walipe," sauti moja ilisema. "Kodi ya kichwa tulilipa sisi miaka mingi na hakuna aliyetupiga picha."

"Walipie nini? Mwamba?"

"Mwamba ni wa kijiji."

"Wewe umeuona mara ya mwisho lini? Kama kuupanda ni pesa, mimi wanilipe wao. Ule mlima siupandi bure."

Watu wakacheka, majembe yakalegea kidogo, yakaendelea.

"Pesa ikija tutapata bomba la maji," alisema kijana mmoja aliyeoa karibuni, bado anaamini mambo.

"Fungu la kijiji ni kiasi gani, Katibu?"

"Hilo bado," nilisema.

"Basi na bomba bado."

Mwenyekiti, kutoka tuta la mwisho, alitukumbusha kwamba jambo hili ni la maendeleo, na tusilifanyie mzaha. Alilisema hilo akihema, kwa hiyo halikutisha.

Kisha bibi aliuliza. Hakupaza sauti. Alikuwa tuta la tatu kutoka kwangu, anakwenda polepole lakini hasimami, nasi tuliokuwa na nguvu tulikuwa tumeshasimama mara kadhaa kunyoosha migongo.

"Huyo atakayepokea hiyo pesa, atakaa wapi?"

Nilisikia majembe tu. Watu walilima kwa bidii ambayo shamba langu halijaiona tena.

"Nauliza," bibi alisema, "kwa sababu wanapofika mimi nawapa maji kwanza. Mtu ametoka mbali, humuulizi neno kabla hajanywa. Sasa huyo wenu atakayewadai pesa kabla ya maji, nataka nijue atakaa wapi, maana mimi kwangu hakai mtu wa namna hiyo."

"Bibi, bado ni maoni tu," alisema Mwenyekiti.

"Na mistari hii ilianza hivyohivyo," bibi alijibu. "Ikaanza na maoni."

Nilitaka kuliandika neno hilo, lakini karatasi ilikuwa imeshikana na kifua.

Jua lilipokaza tulimaliza. Tukakaa ukingoni mwa shamba. Mke wangu, ambaye sijamshukuru vya kutosha mpaka leo, alikuwa amechemsha sufuria zote tulizokuwa nazo za uji wa uwele, akatia ukwaju. Watu walipokea, wakanusa, wakanitazama.

"Hii pombe gani, Katibu? Hii si wanapewa waliojifungua?"

"Mwache, ndiye aliyejifungua. Tazama anavyohema."

Nilikuwa nimelala chali.

Hapo Mwenyekiti alisimama, akajishikilia kwenye mpini, akasema tumalize jambo la serikali. Waliokubali ushuru, wanyooshe mikono.

Hakuna mkono ulioinuka. Alingoja. Nami nilijiinua kwenye kiwiko nikatazama. Kijana wa bomba niliona bega lake likitikisika, mkono ukajaribu, ukafika kwenye magoti, ukapumzika hapo.

"Haya. Waliokataa."

Hakuna mkono. Watu walikuwa wameketi na mikono yao mapajani kama vitu walivyoazimwa. Sidhani walikuwa na hila. Nami sikunyoosha wangu, na nilikuwa na maoni. Nilijiambia ninanyoosha sasa hivi, mgongo ukitulia kidogo.

Kisha jembe moja lililolika likapanda juu. Bibi alikuwa hawezi kuinua mkono, kwa hiyo aliinua mpini. Akaushikilia hapo, unatetemeka, mpaka Mwenyekiti akasema, "Tumeona, bibi, shusha."

Jioni Mwenyekiti alikuja nyumbani tuandike. Alitaka maneno ya kawaida, kwamba wananchi kwa kauli moja wameafiki. Alisema wilaya imeyazoea. Nilikuwa na malengelenge mikononi, kalamu sikuweza kuishika vizuri, na nadhani ni maumivu yaliyonipa ujasiri, maana kwa tabia yangu ningeandika chochote ili nikalale. Nikaandika yaliyokuwa: waliokubali, hakuna, aliyekataa, mmoja, waliobaki walikuwa wamechoka. Na chini nikaongeza maneno ya bibi kuhusu maji. Mwenyekiti alisoma, akakuna kidevu.

"Watatucheka."

"Wacha watucheke," nilisema. "Wakitaka kauli moja, hiyo hapo. Aliyesema ni mmoja."

Akaweka saini. Naye mgongo ulikuwa unamuuma.

Karatasi ilikwenda Kiomboi, makao ya wilaya, na lori la mazao, na baada ya hapo kimya. Msomaji aliyeishi miaka ile anakijua kimya hicho. Si ndiyo, si hapana. Mtama ukavunwa. Bibi alikuwa akishuka kununua chumvi kwenye duka la kijiji, akipita kwangu.

"Wamejibu?"

"Bado, bibi."

Ulipofika wakati wa kukata nyasi za kuezekea, watu wote wakakata. Yeye hakukata. Nilimuuliza kwa nini, na paa lake lilikuwa limeshaanza kuonyesha mbingu.

"Niezeke nyumba ya nani?" alisema. "Nikate nyasi, nibebe, nifunge, halafu aje kulala humo mpokea pesa? Nitaezeka wakijibu."

Nilisema nitafuatilia. Kufuatilia kulikuwa na maana ya kwenda Kiomboi, na Kiomboi ni mbali na nyumbani. Nilikusudia wiki ile. Kisha wiki iliyofuata. Nyasi zikakauka, zikaliwa na moto, mvua zikarudi.

Mvua zilipokuwa zimekolea, yule afisa akaja tena, safari hii kwa mambo ya mahindi ya njaa. Suruali yake ilikuwa imepoteza pasi. Nilimngoja amalize, nikamuuliza kuhusu ushuru.

"Ushuru gani?"

"Wa watalii. Wa mwamba."

"Ah! Lile." Akacheka. "Lile lilikufa zamani. Watalii wako wapi? Barabara imekatika, petroli hakuna, wewe umeona mzungu hapa tangu lini?" Nikafikiri, nikaona kweli, sikuwa nimeona. "Lakini ile karatasi yako tuliisoma ofisini. 'Walikuwa wamechoka.' Tulicheka sana, ndugu yangu."

"Lilikufa lini?"

"Sijui. Kabla ya kiangazi."

Kabla ya kiangazi. Kabla ya nyasi. Nilishukuru, akapanda gari.

Siku iliyofuata nilifanya jambo lililomshangaza mke wangu mpaka akatoka nje kuniangalia: nilivaa viatu nikapanda mlima. Nilikwenda asubuhi, nikapumzika mara nyingi kuliko nitakavyokiri, na njiani nilikuwa nikitengeneza maneno. Nitamwambia karatasi ilifika. Nitamwambia maneno yake yalisomwa ofisini, mbele ya wakubwa. Kile kicheko nilikiacha. Kadiri nilivyopanda ndivyo nilivyojiona mtu aliyemtetea mjane, na nilipofika juu nilikuwa karibu kujipongeza.

Bibi alikuwa kwenye kishamba chake nyuma ya zizi, anapalilia kuzunguka kaburi. Magugu yalikuwa yamemshinda. Ndani, mlango ulipofunguka, niliona vyungu vimepangwa sakafuni kukinga mvua, kila kimoja na sauti yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa."

Akaniingiza ndani, akaniletea kigoda, akanipa maji kwa kata. Nilipotaka kuanza habari yangu akaninyamazisha kwa kiganja mpaka nimeze. Kisha nikamweleza yote niliyokuwa nimeyapanga: barua, ofisi, maneno yake, jinsi Mwenyekiti alivyotaka tuandike vingine nami nikakataa. Nilisema jambo limekwisha tangu kabla ya kiangazi, hakuna atakayemhamisha. Nilisema hata kwamba mimi mwenyewe nililisimamia.

Alitazama paa. Tone moja likaanguka kwenye chungu. Kisha akalichukua lile jembe lililolika, akaliegemeza kwenye goti langu, akasema:

"Hukunitetea wewe, mjukuu wangu, mlikuwa mmechoka tu, na kama ungekuja kiangazi ningekuwa nimeezeka. Shamba lako mimi nililipalilia. Haya, inuka."